Sura ni yako, lakini mwanga ni wa mpiga picha

Nyanya yangu mzaa mama alipofariki mwaka wa 2019 kule Kangundo, jamaa walikutana usiku wa pili kupanga mazishi. Mambo ya jeneza, hema na ng'ombe yalimalizika upesi. Kilichotukalisha hadi saa saba za usiku ni picha. Kijitabu cha ibada kilihitaji picha moja ya jalada, na mwanamke huyo aliyeishi zaidi ya miaka 80 alikuwa ameacha picha tatu tu.

Ya kwanza ilipigwa katika studio moja ya mjini alipotakiwa kupeleka picha za pasipoti katika chama chao cha ushirika. Flashi ilimpiga usoni moja kwa moja. Paji linang'aa kama sufuria mpya, macho yamemtoka kama ya mtu aliyefumaniwa, na nyuma yake kivuli cheusi kimebandikwa ukutani. Ya pili ilipigwa katika harusi ya binamu yangu, saa sita za mchana, jua likiwa la utosi. Gauni la bibi harusi limetoka vizuri ajabu. Nyanya amesimama kando yake, na chini ya kitambaa chake cha kichwa, mahali panapofaa kuwa na uso, pana shimo jeusi lenye meno.

Ya tatu ilipigwa na mjomba mwaka wa 1996 kwa kamera ya kuazima. Nyanya ameketi mlangoni pa jikoni asubuhi, anachagua maharagwe katika ungo. Mwanga unamjia kwa ubavu, na hata mikunjo ya vidole vyake inahesabika. Hatazami kamera. Anaelekea kucheka kwa jambo alilosema mtu ambaye hayumo pichani.

Mimi na mjomba tulitaka hiyo ya tatu. Mama mkubwa akakataa katakata.

"Mama yangu alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama kwa miaka ishirini," alisema. "Hamwezi kumzika na leso na ungo, watu wadhani alikuwa mpishi wa watu."

Ndiye mkubwa wetu, na neno lake likapita. Picha ya pasipoti ndiyo iliyokwenda kwenye jalada.

Nimelifikiria shauri hilo mara nyingi tangu siku hiyo, msomaji wangu. Aliyepigwa picha ni mtu mmoja. Kamera zote tatu hazikuwa za ajabu. Lakini mtu asiyemjua nyanya angezitazama na kuapa kwamba hao ni wanawake watatu tofauti: mmoja mwenye hofu, mmoja asiye na sura, na mmoja aliyeridhika na maisha yake. Kilichowatenganisha, zaidi ya kitu kingine chochote, ni mahali mwanga ulipotoka.

Hilo kila mtoto analijua bila kufundishwa. Stima zikipotea usiku na kaka mkubwa akashika tochi chini ya kidevu, wadogo hupiga mayowe na kukimbilia kitanda cha mama. Uso ni ule ule wa kaka yao. Lakini tangu tuzaliwe tumezoea nuru itokayo juu, ikiwa ni ya jua au ya taa ya darini, na ikitoka chini vivuli vya pua na macho hupinduka, akili ikasema huyu si mtu.

Mwanga ukitoka mbele kabisa, kama ule wa flashi iliyokaa juu ya lenzi, hufuta vivuli na kuufanya uso uwe bapa kama sahani. Ukitoka ubavuni huchonga, ukaonyesha pua, mashavu na makunyanzi. Ukitoka nyuma, mtu hubaki umbo jeusi. Jambo la pili ni ukubwa wa chanzo chenyewe. Dirisha ni taa kubwa, ndiyo maana kivuli chake hakina makali. Flashi ni ndogo kama kiberiti, na kivuli chake hukatika kama kwa makasi. Jua nalo, ingawa ni kubwa kuliko dunia, liko mbali sana hata linaonekana kama sarafu, kwa hiyo vivuli vya saa sita ni vikali. Wingu likilifunika, mbingu nzima hugeuka kuwa taa. Wanafunzi wanaosoma safu hii wakiyashika hayo wana nusu ya elimu ya mpiga picha yeyote.

Nusu nyingine ni kujua unataka kusema nini juu ya mtu aliye mbele yako.

Tarehe 30 Desemba 1941, Winston Churchill alihutubia bunge la Kanada mjini Ottawa, vita vikiwa vikali. Baada ya hotuba aliingizwa katika chumba ambamo kijana mmoja aitwaye Yousuf Karsh alikuwa amekwisha kutega taa zake. Karsh alikuwa Mwarmenia aliyekimbilia Kanada akiwa mvulana. Kazi hiyo alijifunzia Boston kwa mwalimu aliyetumia mwanga wa mchana, kisha akapendezwa na taa za jukwaani katika ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Ottawa, akaona jinsi fundi wa taa anavyoweza kumfanya mwigizaji awe mfalme au mwizi bila kubadilisha nguo. Kila mtu hupenda kusimulia jinsi alivyomnyang'anya Churchill biri yake kubwa mdomoni, mzee akakunja uso, na picha ikapigwa papo hapo. Ni kweli. Lakini bila zile taa angebaki mzee mnene aliyenuna. Mwanga umeushika uso na mkono uliokaa kiunoni, mengine yote yameachwa gizani, na kununa kukageuka ushupavu wa taifa zima. Picha hiyo iliwekwa kwenye noti ya pauni tano ya Uingereza mwaka wa 2016. (Nakala moja yenye saini ya Karsh iliibwa katika hoteli moja ya Ottawa, wezi wakatundika ya bandia mahali pake, na miezi ikapita kabla ya mtu kugundua mwaka wa 2022. Ilipatikana Italia mwaka wa 2024.)

Hiyo ni kazi ya taa nyingi kwa mtu mkubwa. Mimi namhusudu zaidi mpiga picha aliyekuwa na jua peke yake na wateja wa kawaida. Huyo ni Seydou Keïta wa Bamako, Mali.

Keïta alizaliwa mwaka wa 1921 hivi. Hakusoma shule. Alipewa kamera ndogo na mjomba wake aliyeitoa Senegali, na mwaka wa 1948 akafungua studio katika ua wa nyumba yao, karibu na gereza kuu la mji. Wateja walipanga foleni, hasa siku za Jumamosi: makarani, washonaji, akina mama waliojifunga vilemba virefu, vijana waliotaka kuonekana na saa, redio au pikipiki ambayo mara nyingi ilikuwa ya Keïta mwenyewe. Nyuma yao alitundika kitambaa cha maua, na cha kwanza kilikuwa shuka lake la kitandani. Kwa sababu filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alimpiga mtu picha moja tu.

Kwa picha moja tu huna nafasi ya kubahatisha. Keïta alitumia zaidi mwanga wa mchana pale uani, mwanga mpana usio na makali, unaomfikia mtu kutoka kwenye anga na kuta za nyumba. Tazama picha zake leo na utaona jambo ambalo studio zetu nyingi zilishindwa nalo: watu ni weusi, weusi hasa, na bado kila shavu lina mviringo wake, kila chale usoni inaonekana, kila ua la kitambaa liko mahali pake. Hakuna paji linalong'aa kama sufuria. Hakuna shimo lenye meno. Mteja alimwendea ili aonekane mtu wa heshima, na mwanga wa Keïta ukakubaliana naye.

La kusikitisha ni kwamba picha zake zilipoonyeshwa New York mwaka wa 1991, jina lake halikuwapo, kwa kuwa waandalizi hawakujua ni za nani. Alitafutwa na kupatikana, akapata sifa duniani akiwa mzee, na alifariki mwaka wa 2001.

Sasa turudi kwa lile shimo la harusini, maana si nyanya yangu peke yake aliyepatwa na hayo. Karibu kila nyumba ina picha ya namna hiyo katika albamu. Kamera ya kawaida hupima mwanga wa kila kitu kilicho mbele yake na kutafuta wastani. Ikikutana na gauni jeupe juani, hudhani mwanga umezidi, ikapunguza. Gauni likanusurika na uso mweusi ukazama. Filamu za rangi nazo zilitengenezwa na watu waliokuwa na sura fulani akilini. Kwa miaka mingi maabara za Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, na mafundi waliziita kadi za Shirley. Rangi ya ngozi yake ikitoka sawa, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Watafiti wa historia hiyo wanaeleza kwamba malalamiko yaliyosukuma kampuni kuboresha rangi za kahawia yalitoka kwa wenye viwanda vya chokoleti na vya fanicha za mbao, ambao bidhaa zao hazikutoka vizuri katika matangazo. Yaani kabati lilisikizwa kabla ya bibi yangu!

Kuna mtu aliyelijibu tatizo hilo kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Roy DeCarava alizaliwa Harlem, New York, mwaka wa 1919, akasomea uchoraji kabla ya kushika kamera. Mwaka wa 1952 akawa mpiga picha mweusi wa kwanza kupata ufadhili wa Guggenheim, na mwaka wa 1955 picha zake zikatoka katika kitabu pamoja na maandishi ya Langston Hughes. DeCarava hakupenda flashi. Alipiga kwa mwanga aliokuta: balbu ya sebuleni, dirisha la jikoni, taa hafifu ya klabu ya jazi. Na alipokuwa akichapa picha zake katika chumba cha giza, hakulifukuza giza. Aliliacha.

Ukizitazama haraka utadhani zimeungua. Subiri kidogo. Macho yakizoea, kama yanavyozoea ukiingia nyumba ya makuti kutoka juani, utaanza kuona kijivu juu ya kijivu, kisha shavu, kisha jicho lililofumba. Kuna moja ya mwaka wa 1953 ambayo haina mtu kabisa. Ni korido nyembamba ya nyumba ya kupangisha, na balbu dhaifu inayoshindwa kufika chini. DeCarava alieleza kwamba korido za namna hiyo ndizo alizokulia. Mtu wa Eastleigh, Huruma au Majengo hahitaji kufafanuliwa picha hiyo. Anajua harufu yake. Mwingine angekuja na taa kubwa na kutuonyesha uchafu wa kuta. DeCarava alituonyesha jinsi inavyokuwa kupita pale kila jioni ukirudi nyumbani.

Kwa hivyo giza si kosa kila mara. Giza la harusini lilikuwa la kutojali. La DeCarava lilichaguliwa.

Wala nisionekane ninaitukana flashi. Malick Sidibé, mwenzake Keïta wa Bamako, aliitumia miaka ya 1960 katika dansi za vijana usiku, Mali ikiwa imepata uhuru mwaka wa 1960 na mji mzima ukitaka kucheza. Picha yake maarufu ya mkesha wa Krismasi wa 1963 inaonyesha kijana na dada yake wakicheza, vichwa vimekaribiana, msichana miguu mitupu. Flashi imewakamata na kuuacha usiku nyuma yao, na furaha inaonekana kama kitu kilichonaswa kabla hakijaponyoka. Mwaka wa 2007 Sidibé alituzwa Simba wa Dhahabu mjini Venice. Flashi ile ile iliyomtisha nyanya yangu katika kiti cha studio ndiyo iliyowafaa hao waliokuwa wakiruka.

Lakini kuna swali gumu zaidi, nalo linatuhusu Wakenya kwa karibu. Je, mwanga mzuri unafaa kila mahali?

Oktoba 1984, Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alifika Korem kaskazini mwa Ethiopia pamoja na mtangazaji Michael Buerk wa BBC. Filamu waliyotoka nayo ilionyeshwa tarehe 23 mwezi huo, na dunia ikashtuka. Tamasha la Live Aid la Julai 1985 ni mtoto wa filamu hiyo. Inaanza alfajiri. Nuru ni changa na baridi, moshi na ukungu vimetanda, na katika utusitusi huo unaona vitu vilivyolala chini kwa maelfu, vimefunikwa mablanketi. Mwanga unapoongezeka unatambua kwamba ni watu. Amin angeweza kuwapiga saa sita tungeona kila ubavu waziwazi. Saa ile ya alfajiri ilitufanya tugundue polepole, na kugundua polepole kunauma zaidi. (Amin alipoteza mkono mwaka wa 1991 katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akaendelea na kazi, na akafa mwaka wa 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka Comoro.)

Njaa hiyo hiyo ilipigwa picha na Mbrazili Sebastião Salgado, mwanauchumi aliyeacha takwimu akashika kamera. Salgado alipenda kupiga akielekea kwenye jua. Katika picha zake za Ethiopia miale inapenya matawi na kushuka juu ya wakimbizi kama katika michoro ya kanisani, na mama aliyekonda akimshika mwanawe anakuwa kama Mariamu. Ni picha nzuri mno. Ndipo ugomvi ulipozuka. Mwaka wa 1991 mhakiki Ingrid Sischy alimshambulia katika jarida la The New Yorker, hoja yake ikiwa kwamba uzuri humfanya mtazamaji astaajabie picha badala ya kuinuka na kutenda. Salgado, aliyefariki Mei 2025, alishikilia kwamba aliwapiga watu hao kwa heshima yao, na kwamba umaskini haumwondolei mtu utu.

Niliposoma ugomvi huo nilimkumbuka mama mkubwa. Kumbe usiku ule wa Kangundo alikuwa akisema neno la Sischy bila kumsoma! Mimi niliupenda mwanga wa mlangoni hata sikuuona ungo. Yeye aliuona ungo. Alijua asubuhi hizo zilivyokuwa, alijua maharagwe hayo yalikuwa ya kugawana na watoto tisa, na hakutaka taabu ya mamake ipambwe kwa jua zuri ili wajukuu wa Nairobi wapendezwe. Bado naipenda picha ya mjomba. Lakini sithubutu tena kusema mama mkubwa hakuelewa picha.

Alichokosa ni Keïta. Alitaka mamake aketi wima, amevaa vizuri, atazame mbele kama mwenye hazina ya kikundi mkononi. Studio ilimpa hayo yote kisha ikamharibia kwa flashi.

Basi Desemba iliyopita tulipokutana nyumbani, nilimwomba mama mkubwa avae sare yake ya kanisa. Saa kumi za jioni nilimwekea kiti kwenye baraza, upande wenye kivuli, akiutazama uwanja ulio wazi. Wewe pia unaweza kufanya hivyo kwa simu uliyo nayo. Si lazima iwe ya bei. Mtoe mtu juani, lakini mwelekeze penye mwanga. Zima flashi. Nyuma yake pasiwe na dirisha wala ukuta mweupe. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera ipime mwanga hapo, si kwenye kola nyeupe. Kisha ngoja, usimwambie acheke.

"Mbona unanificha kivulini na jua liko pale?" aliuliza.

"Kaa tu hapo, Mama."

Nilimwonyesha. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akaitazama kwa muda mrefu. Alipapasa kioo mahali palipokuwa na shavu lake.

"Hii iweke," akasema. "Ndiyo ya kitabu. Na usiwaache hao wengine wachague."

Nikaiweka.